Petro alipewa kazi kabla hajaanguka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii twende Luka 22:31-32, Yesu yupo mezani na wanafunzi usiku ule wa mwisho, anamgeukia Petro anamwambia, “Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako.”

Angalieni hapo jamani. Jogoo bado hajawika, Petro mwenyewe anabisha kabisa kwamba yuko tayari kwenda gerezani na hata kufa, lakini Bwana ameshajua ataanguka na ameshampangia kazi ya kufanya akiinuka. Hakumwambia ukishaongoka kaa pembeni kwanza miaka mitano tukuangalie kama kweli umebadilika. Kamwambia waimarishe ndugu zako.

Neno hili limenikaa moyoni kwa ajili ya vijana wetu wa huku Mwanza, Kirumba, Igogo, Mabatini, na wale wanaoshinda soko la Mwaloni kubeba magunia ya dagaa wapate hela ya kete ya unga, yaani heroini. Watu wakiwaona wanashika mikoba yao wanasema hao mateja. Lakini wengine ni wa kwetu kabisa, wameimba kwaya ya watoto hapa hapa. Mama anafunga na kuomba, kijana anakuja mbele anawekewa mikono, analia, tunashangilia, halafu Jumatatu asubuhi yuko chumbani peke yake na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa.

Na arosto ya unga sio mchezo. Jasho, makamasi, kutapika, kuhara, mifupa inauma, usingizi hakuna, siku ya pili na ya tatu ndo inakuwa kali zaidi, mpaka kama wiki hivi ndo mwili unaanza kutulia. Ila hamu yenyewe haiishi na hiyo wiki, inakaa miezi, inakaa miaka, akipita tu maskani ya zamani au akishika hela kidogo inaamka upya. Hapo sisi ambao hatujawahi kuonja tunamwambia “kaza imani” na tunamaanisha kabisa, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeweza kumwambia “hii inapita, mimi ilinipata hivi hivi, kaa hapa na mimi mpaka saa nne usiku” na akaaminika ni yule aliyepita njia hiyo.

Kuna habari moja inanitia nguvu sana. Mwaka 1935 dalali mmoja wa hisa Mmarekani, Bill Wilson, mlevi wa kupindukia, alikuwa na miezi kama mitano hajagusa pombe. Akasafiri kibiashara mpaka mji wa Akron, Ohio, biashara ikakwama, akabaki mwenyewe hotelini na baa iko pale pale inamwita. Akaenda kwenye simu akaanza kuwapigia wachungaji wa mji ule, anaomba wamtafutie mlevi mwenzake waongee, maana alishajua akimsaidia mwingine na yeye anapona. Namshukuru Mungu kwa mchungaji aliyepokea simu ile na hakuikata. Kupitia yeye Bill akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, pombe ilikuwa inammaliza, daktari akasema nakupa robo saa tu, wakaongea masaa. Na hata baada ya hapo Bob alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari akalewa tena, akarudi, wakampokea, na Juni mwaka huo huo ndo akaacha moja kwa moja. Kwa hao wawili ndo vikaanza vikundi vya Alcoholics Anonymous, na mwaka 1953 huko California vikaanza vya Narcotics Anonymous kwa watu wa dawa za kulevya. Wana hatua 12 wanazofuata ili wapone, na ya mwisho kabisa ni kumpelekea ujumbe yule anayeteseka bado. Si ndo alichoambiwa Petro?

Kwenye vikundi vya namna hii hakuna anayemhubiria mwenzake, kila mtu anasema ya kwake, yanayosemwa pale yanabaki pale, na wanahesabu leo tu, kesho wanamwachia Mungu. Hapa niseme kitu kinachoniuma. Tuache kuwashikisha maiki vijana ambao wana wiki mbili tu tangu waache, tunawarekodi, video inazunguka mji mzima, halafu akiteleza anaona aibu kurudi kanisani na anarudi kijiweni. Na kuteleza baada ya kukaa bila dawa ni hatari kuliko watu wanavyodhani, mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani, akijidunga kama alivyozoea anaweza kufa pale pale. Petro alipoanguka Bwana alimkuta ziwani kwenye shughuli zake, akamlisha samaki na mkate kwanza (Yohana 21), maswali yakafuata baadaye, tena mbele ya wenzake wachache.

Lingine, kuna wanaosema methadone, dawa ya hospitali anayopewa mtu badala ya unga, ni kubadilisha dawa kwa dawa na kwamba mwenye imani hapaswi kuinywa. Sikubaliani. Pale hospitali ya Sekou Toure wanaitoa bure, kijana anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inakaa mbali anaweza kufanya kazi na kulala usingizi, nafsi yake inapata nafasi ya kumsikia Mungu. Na kama mtu wako ni wa pombe kali za muda mrefu usimfungie ndani aache ghafla, mpeleke hospitali, kuacha pombe ghafla kunaweza kuua. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni bure, piga ueleze.

Wazee wetu wa kanisa, shikamooni, ombi langu ni hili. Chumba cha Sunday school kinafungwa Jumapili mchana mpaka Jumapili nyingine. Tuwape hawa vijana jioni mbili kwa wiki, waongoze wenyewe walioacha, sisi tulete chai na mihogo tuwaachie chumba chao, asikae mtu mlangoni kusikiliza. Kina mama wenye watoto kwenye hali hii nao wanahitaji siku yao, maana wanabeba haya peke yao na hawana pa kuyasemea. Mwenye viti vya plastiki au mkeka wa ziada aniambie kabla ya ibada ya Jumapili, tunataka tuanze Jumanne saa kumi na moja jioni.