Lita 25 za bahari na bibi wa Bahi

Bibi yake mke wangu, mzaa mama, alikuja kwetu Novemba 2022 kutoka kijijini Bahi, akisubiri tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulikuwa tunakaa Nkuhungu, nyumba ya bati ambayo sebule yake ilikuwa bado haijapigwa dari. Mwezi huo ndio Dodoma inapowaka. Mvua inanukia tu kwa mbali, upepo mkavu unapuliza vumbi tangu asubuhi, na nguo ukianika hazimalizi nusu saa.

Sebuleni, mbali na dirisha, nilikuwa na tangi langu la viumbe wa bahari. Fundi wa vioo alinitengenezea, urefu sentimita 40, upana 30, kina 30. Ukishatoa nafasi ya mawe na ile ya juu isiyojazwa, maji yenyewe yalibaki kama lita 25. Humo walikaa kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, samaki mdogo asiyezidi kidole cha mwisho, konokono wa kula ukoga, na matumbawe laini ya aina mbili: yale yanayofunguka kama vifungo vya shati vya rangi, na yale mapana yanayofanana na uyoga.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kazi ndiyo iliyonileta Dodoma, serikali ilipohamia, na kitu kilichonisumbua hapa ni kuishi bila kuona maji yanayotembea. Ndiyo maana nikaanza tangi. Vipande vya matumbawe nilipewa na rafiki wa Dar es Salaam aliyevikuza kwenye tangi lake mwenyewe, vikikatwa kutoka kwenye kundi lililokwisha kuzaana. Sikutaka kitu kilichong'olewa mwambani, na hadi leo sitaki. Matumbawe ya pwani yetu yameumia vya kutosha: baruti za wavuvi haramu kwa miaka mingi, na lile joto la bahari la mwaka 1998 lililoyafanya yageuke meupe na mengi yake kufa. Tumbawe linaishi na mwani mdogo mno ndani ya nyama yake, na mwani huo ndio unaolilisha kwa nguvu ya mwanga. Maji yakizidi joto kwa nyuzi chache tu na kukaa hivyo, tumbawe linaufukuza mwani wake, halafu linabaki na njaa.

Bibi hakuwa ameiona bahari. Jioni ile ya kwanza, tulipokwisha kusalimiana, nilikuwa nampungia hewa kwa gazeti nikimweleza vitu vya mle ndani. Alinisikiliza, kisha akaniomba ruhusa, akachovya kidole na kukionja.

"Mume wangu," akasema (mabibi wa huku humwita hivyo mjukuu wa kiume, na mimi niliingizwa humo kwa ndoa), "hii ni chumvi ya kuchemsha."

Nikamwambia ndiyo, nimeichanganya mwenyewe. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu bahari haina chumvi ya aina hiyo peke yake. Ina kalsiamu, magnesi na vingine vingi, na matumbawe hujijenga kwa hivyo. Kwa hiyo nanunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, naichanganya na maji yaliyochujwa mpaka chombo kisome gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kama bahari yenyewe.

Akauliza swali ambalo wageni wangu wote, pamoja na ndugu zangu waliokulia ufukweni, hawajawahi kuniuliza: "Na maji yakipanda hewani, chumvi unaifanyaje?"

Alijua kwa sababu alikuwa mchemsha chumvi. Bwawa la Bahi halina mahali pa kutolea maji. Mto Bubu unaingia, jua linakunywa, na kiangazi kingo zinabaki na udongo wenye weupe juu. Akiwa msichana, yeye na mama yake walikuwa wakiukwangua udongo huo, wakiuchuja kwa maji, kisha wakichemsha yale maji siku nzima mpaka chumvi itulie chini ya chungu. Maji huondoka na chumvi hubaki, hilo alilijua tangu utotoni.

Na hilo ndilo jambo zima la kutunza bahari ndogo Dodoma. Pwani hewa ina unyevu, tangi linapungua kidogo kidogo. Hapa, mwezi wa Novemba, feni ikipuliza juu ya maji ili kuyapooza, tangi langu lilikuwa linapoteza karibu lita nzima kwa siku. Ondoa lita moja katika 25, chumvi inatoka 35 inafika 36 na nusu. Ukikaa siku tatu bila kugusa, umevuka 39, na kamba hawezi kuvumilia mabadiliko ya namna hiyo. Baharini kina kirefu kinasamehe. Ndoo moja ya maji haisamehi chochote. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni unarudisha kile kilichopotea, na kilichopotea ni maji matupu. Ukirudisha maji ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Nilikuwa nimebandika mkanda mweusi kwenye kioo, usawa wa maji. Ndoo ya maji yaliyochujwa ilikuwa na mfuniko mwekundu. Maji ya bomba ya Dodoma mengi hutoka visima vya Mzakwe, ni mazuri kwa maisha ya watu, lakini yana madini, na ukiyatumia kujaza tangi kila siku, madini yale nayo hayaondoki. Bibi hakuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Alinionyesha utando mweupe ndani ya birika letu la chai, akatikisa kichwa. Mashine yangu ya kuchuja ilikuwa inakataa maji mengi kuliko yale inayopitisha, naye akawa anayakinga yale yaliyokataliwa kwa ajili ya kudekia na kuoshea vyombo. Huku hakuna anayemwaga maji bure.

Jumapili nilipobadilisha lita tatu za maji ya tangi kama kawaida ya kila wiki, alinizuia nisiyamwage. Akawasha jiko la mkaa uani, akayachemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka yakakauka. Lita tatu zina chumvi ya gramu 100 hivi, na kweli ukatokea ukoko mweupe wa kujaa kiganja. Akaonja, akatema. "Chungu." Nikamweleza kuwa uchungu huo unatokana na magnesi. Akasema kule kwao hawachemshi mpaka tone la mwisho, maji ya mwishoni humwagwa maana yana uchungu huohuo. Nilisimama pale uani nikimtazama akikwangua sufuria, nikajua kwamba nyumbani kwangu nimepata mtu wa kumwachia tangi.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikatika saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, upande wa pili kabisa wa jiji, na kikao ambacho nisingeweza kukitoka. Mke wangu alikuwa kazini kwake. Ujumbe wa jirani uliponifikia kwamba mtaa mzima hauna umeme, tumbo lilinipanda. Pampu imelala, feni imelala. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi, na yakipata joto hubeba kidogo zaidi. Na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ile wanyama hawa waliyoumbiwa. Pampu ndiyo ilikuwa inaziba pengo hilo lote.

Nikatoka koridoni, nikapiga simu ya bibi, kile kitochi chake.

"Bibi, chukua kikombe cha plastiki, uchote maji ya tangi uyamwage humohumo kutoka juu kidogo, taratibu..."

"Nimeshaanza. Yule mwekundu alikuwa amepanda juu ya jiwe kabisa. Maji yaliyolala hayana pumzi. Bwawa likipungua kambare nao hupanda juu kuvuta upepo, hujaona?"

Nikamuuliza kipimajoto kinasema nini. Jicho lake halikuweza kusoma namba zile ndogo, lakini kioo, akasema, kina joto kama shavu la mtoto mwenye homa. Nikaanza kuwaza barafu dukani, nikaacha, maana barafu ya kutumbukiza ni maji ya bomba, na ya kuelea ndani ya mfuko wa plastiki inashusha joto kwa kishindo kwenye tangi dogo namna ile. Yeye akanikatiza.

"Mtungi unapoa kwa sababu unatoa jasho. Kioo chako hakitoi jasho. Nimekivisha."

Alikuwa amelowesha kanga mbili, akazizungushia kwenye vioo vitatu, mbele akaacha wazi ili amwone kamba. Akafungua mlango wa mbele na wa uani ili upepo upite katikati, na dirisha la magharibi akalitundikia blanketi kabla jua halijageuka. Hewa kavu, ileile inayoninyang'anya lita moja kila siku, ndiyo aliyoiita imsaidie. Maji yanayoacha kanga yanaondoka na joto. Nimewahi kusoma habari hiyo ya fizikia shuleni, lakini mwili wangu haukuwa umeielewa mpaka siku ile nikiwa na simu sikioni.

Binti yetu alirudi shuleni saa saba, wakapokezana. Mmoja akichota na kumwaga, mwingine akinyunyizia kanga, wakiangalia maji ya kunyunyizia yasidondokee ndani. Nilipiga tena saa tisa, bibi akanijibu kwa ufupi kwamba wana kazi.

Nilifika nyumbani jua likizama, kwa bodaboda kutoka kituoni, bila hata kusubiri daladala ya pili. Umeme ulikuwa bado. Sebule ilikuwa nyuzi 32. Nikamulika kipimajoto cha tangi kwa tochi: 28. Kwa kawaida tangi langu linakaa 26, kwa hiyo lilikuwa limepanda, lakini lilikuwa limesimama hapo. Kamba alikuwa pembeni ya jiwe akitikisa masharubu. Matumbawe yale ya vifungo yalikuwa yamejifumba yote, ambayo ndiyo desturi yake yakisumbuliwa.

Nikatoa refraktomita, kile chombo changu cha kupimia chumvi, nikadondoshea tone, nikaielekeza kwenye tochi. 35.

Nilirudia, kwa kuwa kumwagamwaga maji siku nzima katika hewa ile kunayapunguza haraka kuliko feni. 35 tena. Nikageuka kumtazama bibi, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imejikunyata kwa maji.

"Nimefuata mstari wako mweusi," akasema. "Kila yakishuka, kikombe kimoja cha ile ndoo nyekundu. Ulimi niliutumia kuhakikisha tu kwamba mstari haunidanganyi."

Sikujua nimshukuruje. Nilipiga magoti nikamshika mikono, naye akanipiga kofi la begani akaniuliza kama nimekula.

Umeme ulirudi saa moja na nusu usiku. Tukaiacha pampu ifanye kazi yake, taa ya tangi sikuiwasha kabisa usiku ule. Asubuhi, kabla sijaamka, bibi alikuwa ameshagundua kwamba konokono mmoja amekufa. Alimjua kwa harufu, akamtoa kwa kijiko cha mti. Hilo lilitusaidia sana. Konokono mmoja anayeoza kwenye lita 25 anaachia amonia ya kutosha kuua wote waliobaki, kwa sababu wale bakteria wa kwenye mawe, wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti na kisha nitreti, nao wanahitaji oksijeni, na walikuwa ndio kwanza wanapona. Nilibadilisha lita tatu mchana ule, na lita tatu nyingine Jumatatu. Matumbawe yalianza kufunguka Jumapili, yale ya uyoga kwanza.

Wiki hiyohiyo nilinunua pampu ya hewa inayotumia betri, ile inayojiwasha umeme ukikatika. Kanga mbili ziliwekwa kando kwa kazi hiyo, na mke wangu hakudai.

Upasuaji wa bibi ulifanyika salama. Daktari alimkataza kuinama, vumbi, moshi, na kubeba ndoo, kwa hiyo kujaza tangi kukawa kazi ya binti yetu, asubuhi kabla ya shule. Bibi aliweka kiti mita moja kutoka kwenye kioo, jicho moja likiwa limefunikwa kwa plasta, na kutoka jikoni tulikuwa tukimsikia: "Taratibu. Subiri maji yatulie ndipo uangalie mstari. Hapana, si ndoo hiyo! Hiyo ya kuoshea vyombo. Mfuniko mwekundu, mjukuu wangu, mwekundu!"