Siku babu alipoulizwa risiti

Juzi redio iliweka sauti ya marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na chai yangu ikapoa pale pale mezani. Wengine wakimsikia wanakumbuka mpira, au kipindi chake cha "Je, huu ni ungwana?". Mimi narudi Jumapili ile ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wamemshikia bunduki asome redioni kwamba serikali imepinduliwa, na babu kasimama mlangoni kwetu Majengo, Nairobi, na shuka lake anasikiliza huku risasi zinalia upande wa Eastleigh.

Mapinduzi yenyewe mnayajua, hayakumaliza hata siku moja. Lakini hapo katikati watu waliingia mjini wakavunja maduka, hasa ya Wahindi, wakawa wanapita mbele yetu na redio, mabunda ya vitambaa, jamaa wamejitwika kochi zima wanakimbia nalo. Duka letu la fanicha babu na baba walilipigilia mbao kwa ndani wakalala humo humo, halikuguswa, alhamdulillahi.

Kisha ukaja msako. Askari wanaingia nyumba kwa nyumba, wakiona kitu kinang'aa wanauliza risiti, huna, kimeenda na wewe umeenda. Usiku kuna kafyu lakini asubuhi unakuta vitu vimetupwa kwenye mitaro, na vingine mto Nairobi. Sasa Majengo nani alikuwa na risiti ya kitanda jamani? Babu alikuwa anauza kwa kuaminiana, unaleta kidogo kila mwisho wa mwezi, anaandika kwenye daftari lake, ukimaliza anapiga mstari yamekwisha. Kwa hiyo watu wakajaa dukani, Mzee tuandikie, Mzee wanakuja mtaa wetu leo.

Baba akaenda kutafuta kitabu cha risiti, mimi nikapewa kazi ya kuweka karatasi ya kaboni. Na babu hakuandika hivi hivi tu. Anatafuta jina kwenye daftari, asipoliona anauliza miguu ikoje, ubao wa kichwani nilikuchongea nini, na akiwa bado na shaka anavaa kofia anakwenda mpaka kwa mtu, anapiga goti, anaingiza mkono chini ya kitanda anapapasa pale mbao zinapoungana. Yeye alikuwa hatumii msumari hapo. Ulimi wa mbao unapita kwenye tundu hadi upande wa pili halafu anaukaza na kabari ndogo ya mvule, hivyo vidole vyake vikiigusa ile kabari anasema "hiki changu" na tunarudi kuandika.

Jioni jioni akaja mama mmoja jirani yetu, mtu tuliyekuwa tunakula kwake Idi. Hakuingia na wale wengine, alingoja watu wapungue. Akasema kijana wake ameleta kochi, anaogopa kulitupa maana watu wataona, anaogopa kukaa nalo. "Baba yangu, nisitiri."

Babu alikuwa na kalamu mkononi, nami nishaweka kaboni. Alinyamaza mpaka nikasikia gundi inavyotokota kule nyuma, ile gundi ya kuchemsha yenye harufu ya kwato. Yule mama alikuwa ameshika ncha ya leso anaizungusha kidoleni, anaiachia, anaizungusha tena. Babu akamwangalia kijana wake wa dukani, akaangalia mlango, akamwambia yule mama kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, naweza kukupa chochote cha dukani humu ukalalie. Lakini nikiandika kitu sikukitengeneza, hawa wote niliowaandikia leo karatasi zao zitakuwa za uongo." Mama hakubishana. Alisema haya, akafunga leso, akatoka.

Kijana wa yule mama alichukuliwa, akafungwa, akarudi amekonda. Mamake akawa akipita anavuka barabara upande wa pili, mpaka walipohamia Dandora.

Babu alifariki, baba akashika duka, sasa liko kwa mdogo wangu anauza makabati ya MDF, zile mbao za kiwandani, na sofa za oda za kwenye simu, na bado hata ukinunua kigoda unaandikiwa risiti, hilo lilianzia wiki ile. Lile la yule mama nimelizungumza na baba mara nyingi kabla hajaondoka. Yeye alikuwa anasema wazi kwamba angeandika, karatasi ni karatasi na mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Na mimi nikifikiria wale majirani waliobaki na vitanda vyao kwa sababu askari waliamini mwandiko wa babu, naona alikuwa sawa. Halafu nakumbuka ile leso, nashindwa tena. Mdogo wangu nilimuuliza juzi baada ya redio, akaniambia nisimuulize jambo kama hilo mbele ya wateja.