Mwakani Yule Mrefu Atakuwa Wapi?

Januari 2019 ilinikuta Columbus, Ohio. Usiku nilifanya kazi ghalani, na jioni nilisaidia kufundisha mpira wa kikapu, bila malipo, katika sekondari moja ya mtaani kwetu. Kikapu nilikijua tangu viwanja vya Don Bosco, Upanga. Tena vijana kadhaa wa timu ndogo walitoka familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na Kiswahili ndicho walichoongea nyumbani. Kwa hiyo nilipokelewa haraka.

Sekondari za kule huwa na timu zaidi ya moja. Ipo timu kubwa, ile inayojaza jukwaa, na ipo timu ndogo, wanayoiita JV, ambayo wengi wake ni wa darasa la 9 na la 10. Siku ya mechi, ndogo hutangulia na kubwa hufuata kwenye uwanja uleule. Kila timu ina kocha wake. Hawa wetu wawili walisalimiana vizuri na waligawana mipira na funguo za stoo bila ugomvi, lakini kuhusu mchezo wenyewe kila mtu alishika njia yake.

Kocha mkuu, yule wa timu kubwa, alikuwa na senta mrefu sana, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hodari wa kupangua mipira. Basi aliwafundisha walinzi wake wamsukume mwenye mpira aingie katikati, akakutane na yule mrefu. Timu ndogo haikuwa na mrefu. Vijana wengi walinifikia kimo tu, na mimi si mtu wa kujisifia urefu. Kocha wao alifunga katikati kabisa: mwenye mpira asukumwe pembeni, kwenye mstari, maana mstari ni mkabaji asiyechoka wala kucheza faulo.

Ijumaa moja timu kubwa ilipungukiwa mlinzi, aliyeteguka kifundo mazoezini. Kocha mkuu akampandisha kijana wetu wa darasa la 10, mwenye miguu myepesi kuliko wote. Aliingia robo ya pili. Alikaba kama alivyofundishwa: mguu wa ndani mbele, kifua kikiziba katikati, mpinzani hana pa kwenda ila pembeni. Huko pembeni hakukuwa na mtu. Wenzake walikuwa wamejikusanya katikati wakisubiri. Mpinzani akaambaa na mstari, akafunga kilaini.

Kisha kocha mkuu akanyanyua ngumi. Kwenye timu kubwa ngumi ilikuwa amri ya wawili kumvamia mwenye mpira. Kwetu ngumi ilikuwa amri ya kurudi nyuma na kucheza zoni, yaani kila mtu alinde eneo lake. Kijana akarudi mbio, kwa utiifu wote, akasimama peke yake chini ya kikapu chetu, mikono juu, huku wenzake wanne wakivamia mbele kabisa. Jukwaa likacheka. Alitolewa kabla robo haijaisha, akaja kukaa karibu yangu.

"Kocha, sasa mimi nimsikilize nani?"

"Tulia kwanza, mwanangu," nilimwambia. Jibu sikuwa nalo.

Baada ya mechi tulikutana sisi makocha katika stoo ya magodoro ya mieleka, tukakaa juu ya hayohayo magodoro. Kocha mkuu alianza: timu ndogo ipo ili kuandaa wachezaji wa timu kubwa, basi wafundishwe yaleyale, hata wakifungwa kila wiki. Mwenzake akamjibu kwamba maneno hayo ni mepesi kwa mtu asiyekaa benchi lile. Watoto wakifungwa kila wiki wataacha kuja, na baadhi yao tayari wanaiba muda, maana nyumbani wana wadogo wa kulea. Niliona kila mmoja ana hoja, ila mizani yangu ililalia kwa kocha mkuu. Ikawa hivyo mpaka mwenzake alipouliza: "Mwakani yule mrefu wako atakuwa wapi?"

Senta alikuwa anamaliza shule mwaka uleule. Ukabaji wote wa timu kubwa ulimtegemea mtu anayeondoka, na watakaobaki ni hawa wafupi wetu, ambao tayari walikuwa wanakaba kwa namna inayowafaa. Kumbe wa kubadilika alikuwa wa juu. Kocha mkuu hakupenda, uso ulimsema, lakini alikuwa mtu wa kupiga hesabu. Timu kubwa hakuigusa katikati ya msimu, na nadhani alifanya vyema, angewavuruga wote. Wakakubaliana ishara za mikono ziwe za aina moja kuanzia Jumatatu, ngumi ibaki ya kuvamia. Mazoezi yaanze kwa timu zote mbili kukaba pamoja, na kufika kiangazi shule nzima iwe inasukuma mpira pembeni. Kwenye kushambulia kila mtu abaki na mambo yake. Kocha mkuu aliahidi pia kutazama mechi za timu ndogo hadi mwisho, hilo halikudumu.

Likabaki suala la kijana. Makocha wa JV Marekani hawaishi kusimulia habari za Michael Jordan, eti alifukuzwa timu ya shule. Hakufukuzwa. Mwaka 1978, akiwa darasa la 10 katika shule ya Laney, Wilmington, North Carolina, alipangwa timu ndogo, na nafasi ya juu akapewa Leroy Smith wa darasa lilelile, aliyemzidi urefu. Sehemu ninayoipenda mimi huwa hawaisimulii: huko chini alicheza sana na kufunga sana, wakati juu pengine angepasha benchi joto.

Kijana wetu hakuhitaji kusimuliwa. Alimfuata kocha mkuu mwenyewe, akaomba arudi timu ndogo na apande tu pale watu wanapopungua. Kocha akadhani ni uchungu wa kuchekwa, akaniita nimdodose kwa Kiswahili.

"Hapana, kocha," alinijibu. "Kule juu nitakaa. Huku ninacheza."

Nilimfikishia kocha mkuu kama nilivyoambiwa. Akachukua kalamu, akaliandika jina la kijana kwenye orodha ya timu ndogo ya mechi ya Jumanne.