Nilivyopata tena njaa ya Neno
Mwaka mzima Biblia yangu ilikaa kabatini ikinuka dagaa. Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Usiku nikifungua sura tatu kama ratiba ilivyodai, nasinzia kwenye ya kwanza.

Nikaiacha ratiba. Nikashika Zaburi 119 peke yake: mistari 176, mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja alfajiri, kwa sauti, nikisubiri mitumbwi irudi. Mstari ukinigusa nauandika kwenye daftari la madeni (ndiyo, la madeni), nautafuna huku naanika.

Wiki ya kwanza, ukavu mtupu. Ya pili nikajikuta naamka kabla ya alamu. Yeremia (15:16) anasema aliyala maneno ya Mungu yakawa furaha yake; sasa namwelewa. Juzi mitumbwi ilirudi mitupu. Nikafungua fungu la pili asubuhi hiyo hiyo.