Hajiri alikaa mbali

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 21, kuanzia mstari wa 14 hadi 20, na tusiruke, mana wengi wetu huwa tunakimbilia pale kwenye kisima tu.

Hajiri, yule mjakazi aliyemzalia Ibrahimu mtoto, kafukuzwa yeye pamoja na mwanae, kapewa mkate na kiriba cha maji basi, wakatangatanga huko jangwani mpaka maji yakaisha. Akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali kama mtupo wa mshale, akasema asimwone mtoto akifa. Simlaumu, hakua na kitu mkononi. Ila angalieni, anaepaza sauti kulia ni mama, lakini Mungu akasikia sauti ya kijana. Alisema nini huyo kijana, hatujaandikiwa.

Sasa hapa kwetu Tanga, kuna kijana anapara samaki pale soko la samaki la Deep Sea (jina lake tusiliweke humu tafadhali), mama alishafariki, baba kaoa kahama, shule ikaishia njiani. Unamkuta samaki nusu ana magamba, kisu kiko mkononi na mkono umesimama, mpaka mteja amuite mara mbili ndo anashtuka. Usiku halali. Mtaani washatoa hukumu, huyu anasema bangi, yule majini, mwingine karogwa na mama wa kambo, na sisi tunamwekea mikono Jumapili alafu kila mtu anaenda kula kwake. Maombi nayaamini sana, lakini ukimwombea kijana ukaondoka umerudi kukaa pale pale pa Hajiri.

Malaika alimwambia nini Hajiri? Inuka, kamwinue kijana, mshike mkono. Kisima alionyeshwa baada ya hapo.

Na mkoa huu una historia yake jamani. Lutindi kule milimani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza 1896 kulea watoto waliotolewa utumwani, miaka michache mbele pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo iko chini ya Walutheri. Yani kanisa lilikua kwenye hii kazi zaidi ya miaka mia iliyopita, ss hivi tunachojua ni kutaniana "we wa Mirembe wewe", yani ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma.

Sonona, yani ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, una matibabu, kuna ya kuongea na kuna ya dawa, na dawa zenyewe zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi kwaiyo mtu asiache siku ya nne akasema hazifai. Na kumuuliza kijana kama anawaza kujiua hakumpandikizii hilo wazo, muulizeni, tena kwa upole, wengi wanapumua wakiulizwa. Walio chini ya miaka 18 kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure.

Huyu wetu keshakubali kwenda hospitali ya Bombo, anachoogopa ni kwenda peke ake na kukosa hela ya siku. Kwaiyo sadaka ninayoomba wiki hii ni nauli ya bodaboda na kumfidia hiyo siku. Mwenye nafasi Jumanne asubuhi kumsindikiza aandike jina hapo chini, mimi langu nimeshaandika.