Jivu la pasi ya shangazi

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Mbagala, nimejikalia pembeni na soda yangu, mara kikundi kikaanza kupiga wimbo niliowatungia mwenyewe. Ulipofika ubeti wa pili, mama mmoja mwenye dera la zambarau akanyanyuka na noti ya elfu tano. Hakumwendea mwimbaji moja kwa moja. Aliizunguka kwanza meza moja ya akina mama waliokuwa wakila, akaipunga ile noti juu ya vichwa vyao, taratibu, ndipo akaenda kutuza. Kwenye ile meza kuna mtu aliacha kutafuna.

Ubeti wenyewe ni huu:

Pasi yako ina moto, jivu usinipulize
Nyeupe kama kokoto, mwenyewe usimlize
Likikuzidia joto, mkaa uupunguze

Nilitamani nisimame niwaambie: jamani, hii pasi ni pasi kweli. Ya kupigia nguo.

Shangazi yangu alikuwa dobi. Tulikaa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina, na mtaa mzima walimwita Bi Dobi, hata watoto tulioishi naye. Umeme ulipita nje kwenye nguzo, ndani kwetu haukuingia. Kazi ilikuwa kanzu. Jumatano anafua na kutia buluu, Alhamisi anapiga pasi, Ijumaa asubuhi nazipeleka nyumba kwa nyumba nimezilaza kwenye mikono miwili kama mtoto mchanga. Pasi ilikuwa ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo mbele wa kufungia kifuniko. Aliipitisha kwanza kwenye jani bichi la mgomba ili iteleze, na harufu ya lile jani linapoungua ndiyo harufu ya Alhamisi kwangu mpaka leo. Redio ilikuwa dirishani. Akiimba Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, pasi ilipunguza mwendo. Shangazi alizaliwa Pangani kama Shakila, na alimsema kama vile waliwahi kuchota maji kisima kimoja, ingawa hawakuwahi kukutana.

Sheria ilikuwa moja: mkaa ukififia, usipulize. Toka nje, ishike pasi kwa mpini, izungushe hewani mpaka mkaa uamke, ndipo urudi. Ukipulizia ndani, jivu linaruka na kutua kwenye nguo.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka 11. Alhamisi moja jioni alikwenda kuswali magharibi, akaniachia kanzu moja nimalizie mikono tu. Ilikuwa ya bwana harusi, ndoa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Nje kulikuwa na giza na mimi nilikuwa mwoga wa giza. Nikapuliza.

Jivu ningelikung'uta. Ilitoka cheche. Ikatua kifuani, chini kidogo ya darizi, ikaacha tundu lenye ukubwa wa punje ya choroko na duara la kahawia kulizunguka.

Shangazi aliporudi aliitazama kanzu, akanitazama mimi. Hakunipiga. Aliikunja, akavaa buibui, akatoka, nami nyuma yake. Mama wa bwana harusi alifungua mlango, akaiona, na maneno yaliyotoka pale sijayasikia tena mpaka nilipokuwa mtu mzima. Shangazi akasema, "Nimeichoma mimi. Ni macho yangu haya." Yule mama akamjibu kwamba kama kazi imemshinda aiache, wapo wanaoiweza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya buibui, nimeushika ukingo wake. Ile nyumba ilikuwa ikitupa kanzu nane kila wiki. Hatukupata hata moja tena. Tuliporudi alipika chai, tukanywa. Neno pekee aliloniambia lilikuwa la wiki iliyofuata: "Leo utazungusha." Nikajibu, "Abee."

Nilipoanza kutunga, huu ndio wimbo niliotaka kuuandika kuliko wote, na ndio ulionishinda kuliko wote. Niliandika beti nne za "shangazi nisamehe". Zilikuwa kama shairi la siku ya wazazi shuleni, na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimeyasikia mengi ya aina hiyo. Niliziweka miaka. Siku moja, ndani ya daladala, nikagundua kwamba kosa langu ni kusema mimi. Nani alisema siku ile? Mimi sikusema kitu. Shangazi alisema sentensi mbili. Mwenye maneno alikuwa yule mama mlangoni! Nikampa yeye wimbo. Matusi yake nikayafua, nikayatia buluu, nikayakata mizani nane nane, na kabla sijashuka nilikuwa na ubeti huo wa pasi. Kwa hiyo mama wa dera la zambarau, bila kujua, alikuwa anampiga mwenzake kijembe kilekile alichopigwa shangazi.

Wala simlaumu. Kiswahili chetu kinaficha vizuri mno. "Yeye" hana jinsia, "wewe" huna umri. Ukiimba "umenilea ukanifunika", kuna atakayemwona mamaye na kuna atakayemwona bwana wake wa zamani, na wote wawili watalia. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba mambo yaliyotokea mitaani Unguja, hata ya mahakamani, na wasikilizaji wake wa siku zile walijua nani anasemwa. Sisi tumebaki na maneno, wasemwa wote wameshakwenda. Tunawatafutia wasemwa wengine ukumbini.

Kiongozi wa kikundi naye alikuwa na lake. Aliniambia vijana hawaijui pasi ya mkaa, nibadilishe niandike "pasi yako ya umeme". Nikahesabu kwa vidole: mizani inakaa sawasawa. Ila umeme hauna jivu. Tulibishana wiki nzima.

Walichonishinda ni ubeti wa mwisho. Ule ni wa shangazi, na unaanza hivi: "Nimeichoma ni mimi, mwingine msimtaje." Harusini hawauimbi. Hakuna anayenyanyuka na noti kwa ajili ya mtu anayekiri kosa, basi wanarudia ubeti wa pili mara tatu na kinanda kinapandisha.

(Wimbo wa mume wangu wa kwanza watu huniulizia sana. Haupo. Nimejaribu, kila nikianza nashika hasira, na hasira ikinishika kina chote kinakuwa kimoja.)

Mwaka jana nilikwenda Tanga nikamwimbia shangazi wimbo wote, sebuleni, bila ala. Amekuwa mzee, macho sasa kweli yamechoka. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika "nyeupe kama kokoto" akanikatisha.

"Kokoto gani hiyo nyeupe? We umeiona wapi?"

"Kina, shangazi. Nilitaka neno la 'to'."

"Kanzu zangu kokoto!"

Nikaendelea. Ubeti wa mwisho hakuukatisha. Nilipomaliza alikaa kimya, anakunja na kukunjua pembe ya kanga.

"Na huu wa mwisho mbona kwenye simu ya mjukuu wangu haumo?"

"Hawauimbi. Hautuzwi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akalifungua fundo la kanga, akatoa sarafu ya mia tano, akaninyooshea nikaipokea kwa mikono miwili. Akaniambia nikitoka nimpitishie majani ya chai dukani, na chenji nirudishe.