Siku Moja ya Kukagua Nyumba ya Wazee, Nairobi

Ukaguzi wa nyumba ya wazee huanza kabla jua halijachomoza, kwa sababu usiku ndipo wazee huumia. Mchana kuna matroni, wapishi, mhasibu na jamaa waliokuja kutembea. Usiku hubaki walezi wawili, milango yenye makufuli, na watu ishirini na wanne ambao nusu yao hawasimami bila kushikwa. Wengi hudhani mkaguzi huja kuhesabu vitanda, kunusa choo na kutia sahihi. Swali langu ni moja: yule asiyeweza kusema, asiyeweza kutembea na asiyetembelewa na mtu Jumapili, anatunzwaje saa tisa ya usiku?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nyumba yenyewe inafanana na nyingi za Nairobi: jumba la familia la ghorofa moja lililogeuzwa makao, vyumba vingi juu, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Askari anasoma barua ya kamati inayoendesha nyumba, anafungua geti. Kwenye begi nina tochi, kipimajoto cha kuchomeka, utepe wa kupimia, saa inayohesabu sekunde na glavu.

Karatasi ya kwanza kuomba ni ya kugeuza wazee. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na aliyemgeuza huandika saa na upande aliomlaza. Alfajiri hii kisanduku cha saa kumi na mbili kimeshatiwa sahihi, na bado nusu saa. Kalamu ni ile ile tangu saa mbili usiku, mwandiko haubadiliki, kila zamu imeangukia saa kamili bila hata dakika tano za kuchelewa. Karatasi ya kweli huwa na fujo kidogo: saa nne na dakika kumi na mbili, saa sita na robo, alama ya uji ukingoni.

Kwa hiyo tunakwenda kitandani, na mlezi anaomba ruhusa kwa mwenyewe: "Shosho, huyu mgeni anataka kuona mgongo wako kidogo, sawa?" Mahali pa kutazama ni juu ya mkia, visigino, nyonga, vifundo vya miguu na nyuma ya masikio kwa anayetumia mpira wa oksijeni. Vitabu vingi hueleza hatua ya kwanza ya kidonda cha kulala kuwa ni wekundu ambao haupotei ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Hapa kazi ni ya vidole: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au laini kupita kiasi? Pamekolea rangi au pamemetameta? Mzee anakunja uso pakiguswa? Kisigino cha kushoto cha shosho huyu kina joto na kimekuwa kigumu. Dawa yake ni mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kikae hewani, nao umo kabatini. Hakuna aliyeutoa.

Saa kumi na mbili

Zamu ya usiku haijaondoka, kwa hiyo huu ndio wakati wa kupima moto. Ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu siku nzima, ningechagua hiki. Nairobi kila dirisha lina greli kwa ajili ya wezi, na kila mlango una kufuli usiku. Greli hizo huzuia mwizi kuingia, na huzuia pia mzee kutoka.

Mazoezi hayafanywi na mzee. Mfanyakazi mmoja hulala kwenye blanketi chumba cha mwisho juu, mlezi wa usiku huambiwa "moto umewaka jikoni", nami naanza kuhesabu. Leo mlezi amekimbilia mlango wa nyuma na kushika shada la funguo. Kufuli la kwanza, ufunguo wa tano. La pili, alijaribu mara tatu. Kabla hajapanda ngazi zimepita dakika mbili. Kumburuta mtu mmoja kwa blanketi hadi uani kumefikisha dakika nne na nusu, na huyo ni mtu mmoja mwenye uzito wa wastani, taa zikiwaka, bila moshi. Juu wanalala wanane wasiotembea.

Rekebisho kubwa kuliko yote hapa halina gharama. Wasiotembea wahamie vyumba vya chini leo hii, wanaopanda ngazi wenyewe waende juu. Kila kufuli la njia ya dharura libadilishwe kwa komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na fundi wa vyuma akate greli moja kila chumba aifanye mlango wenye bawaba. Mtungi wa gesi utoke jikoni ukae nje, mpira wake uangaliwe nyufa. Kifaa cha kunusia moshi cha betri kiwekwe kwenye ukumbi juu na chini, kibonyezwe kila mwezi kusikia kama kinalia. Mitungi ya kuzima moto ipo mitatu. Miwili mshale uko kwenye kijani na kibandiko cha huduma ni cha mwaka huu. Wa tatu umefichwa nyuma ya gunia la mahindi, na usioonekana ni sawa na usiokuwepo.

Saa moja

Makabidhiano ya zamu. Yanapaswa kufanyika kando ya kila kitanda, mtu kwa mtu: amelalaje, amekunywa nini, amekojoa, ngozi ikoje, dawa gani imekataliwa. Leo yamefanyika mlangoni kwa maneno matatu, "usiku ulikuwa sawa."

Kisha naomba kabati la dawa lifunguliwe.

Ufunguo hauko. Anao matroni, na matroni yuko kwenye foleni Barabara ya Mombasa akitokea Kitengela. Msimamizi anasema kwa upole, "Madam, karibu kwanza chai ofisini, faili zote ziko hapo." Chai imepikwa vizuri, mandazi yana joto, na nashukuru. Lakini nakaa ukumbini, kwa sababu saa hizi za kungoja zinaonyesha mengi kuliko faili.

Saa moja na nusu uji na chai vinagawiwa. Kuna babu mwenye kisukari anayechomwa insulini ya mchanganyiko, na insulini hiyo hutakiwa kuingia mwilini yapata nusu saa kabla ya kula. Imo ndani ya friji ndogo, ndani ya kabati, nyuma ya kufuli. Mlezi amesimama na kikombe hajui ampe au amnyime. Akimpa, sukari itapanda bila kizuizi. Akimnyima, anakaa na njaa tangu jana jioni. Kuna mama mwenye ugonjwa wa Parkinson anayemeza levodopa kwa saa maalumu. Dozi ikichelewa, viungo hukakamaa na koo pia, na uji ambao angemeza vizuri baada ya dawa unaweza kumpalia. Kuna wa tatu anayemeza dawa ya kifafa. Na kuna mwenye maumivu ya nyonga ambaye hana la kufanya ila kungoja.

Saa mbili. Saa mbili na nusu. Simu inapigwa, "nimefika karibu na Nyayo". Saa tatu na dakika ishirini kabati linafunguka.

Halafu huja hatari ya pili, na hii huwapata hata wafanyakazi wazuri: kuandika kwamba dawa ilitolewa saa moja, ili karatasi ipendeze. Dawa iliyotolewa saa tatu na nusu iandikwe saa tatu na nusu, pamoja na sababu, maana atakayetoa dozi ya mchana anahitaji kujua zimepita saa ngapi. Muuguzi wa zamu ameandika ukweli mbele yangu bila kuambiwa, na hilo nimeliweka kwenye ripoti kama sifa. Sheria ya ufunguo ni fupi: unakaa na muuguzi aliye zamu, unakabidhiwa kwa sahihi, na wa akiba hutiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mkunjo.

Sasa hesabu ya vidonge. Chukua dawa moja ya kila siku, kwa mfano amlodipine ya shinikizo la damu. Pakiti ya vidonge 30 ilianzwa tarehe 1, kimoja kila jioni. Leo ni tarehe 17 asubuhi, vimetoka 16, vibaki 14. Kwenye pakiti vimo 19. Sahihi zilizotiwa kwenye karatasi ni 16. Vidonge vitano vilitiwa sahihi bila kumezwa. Nafanya hivyo kwa wazee watano niliowachagua mwenyewe, si waliochaguliwa na ofisi. Naangalia pia kinu cha kusagia dawa: vidonge vinavyoyeyuka polepole, kama nifedipine ya muda mrefu, havisagwi, kwa sababu dozi ya siku nzima huingia mwilini mara moja na shinikizo laweza kuporomoka. Friji ya insulini isomeke kati ya nyuzi 2 na 8.

Na haloperidol, dawa ya maradhi ya akili ambayo hutuliza mtu: nani anapewa, kwa ajili gani, daktari alimwona lini mara ya mwisho? Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa mpya za aina hii huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye maradhi ya kusahau, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani kama haloperidol. Mzee anayepiga kelele usiku aweza kuwa ana maumivu, amefunga choo, ana maambukizi ya mkojo, au ana njaa tu. Hayo yaangaliwe kabla ya kumlaza kwa dawa. Leso iliyomfunga mtu kitini ni kosa la namna hiyo hiyo, na hapa nimeikuta moja.

Adhuhuri

Jikoni ni haraka: vyeti vya afya vya wapishi havijapita miezi sita, nyama mbichi iko chini na chakula kilichoiva juu, maharagwe yametoka jikoni yakiwa na nyuzi zaidi ya 63. Kipimajoto nakipima kwenye barafu, kisome 0. Wanaotumia maji yanayochemka wakumbuke kwamba kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifaa kisichofika 100 si kibovu.

Githeri, yaani mahindi na maharagwe, kwa asiye na meno si chakula mpaka ipondwe. Mizani ndiyo husema ukweli: mama mmoja alikuwa kilo 54 Januari, Machi yuko 48. Amepoteza zaidi ya asilimia 10 kwa miezi miwili, na faili inasema "anakula vizuri".

Maji ya mfereji huja kwa zamu. Watu 24 kwa lita 100 kila mmoja ni lita 2,400 kwa siku. Tangi la 5,000 linatosha siku mbili tu, na wafanyakazi hawajahesabiwa. Maji ya kuoga nayapima kwenye beseni, yasizidi nyuzi 43, na kanuni ni kumimina ya baridi kwanza. Yenye nyuzi 60 huunguza ngozi ya mzee ndani ya sekunde chache.

Mchana

Nakaa ukumbini nusu saa bila kusema neno, kila dakika tano naandika nani amesemeshwa. Runinga inawaka. Wazee wanne hawajaitwa jina hata mara moja. Bibi mmoja amerudi kwenye Kikamba chake cha utotoni kwa sababu ya kusahau, na mlezi aliyepangiwa hakijui. Kumbe mfuaji nguo anakijua. Kwa wasiosema kabisa, maumivu hupimwa kwa kutazama mambo matano: kupumua, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2.

Kengele ya chumba cha mwisho naibonyeza. Zinapita dakika saba kabla mtu hajaja.

Miguu imechoka na bado kuna leseni za wauguzi, kitabu cha pesa za wazee (nani huchukua zile Sh2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, na stakabadhi iko wapi), na mahojiano ya wafanyakazi. Kila mlezi namuuliza jambo moja: mzee akianguka sasa hivi, utaanza wapi? Jibu baya ni "namwinua". Jibu zuri alilitoa kijana mgeni kuliko wote: usimwinue, muulize panapouma, tazama kichwa, tazama kama mguu mmoja umefupika na kugeukia nje, na kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda na amegonga kichwa, aende hospitali hata akisema hana neno.

Jioni tunaketi na matroni, naye anasikia kila kitu kabla hakijaandikwa. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, kwa hiyo ripoti yangu hainunuliki kwa chai wala haifichwi. Mambo yamegawanywa kwa muda. Kabla ya usiku wa leo: wasiotembea wameshushwa chini, ufunguo wa dawa uko kwa muuguzi, leso imefunguliwa, mto uko chini ya shavu la mguu wa shosho. Ndani ya siku saba: daktari wa mama aliyekonda, mtungi wa gesi nje, karatasi za kugeuza zijazwe kitandani. Ndani ya siku thelathini: greli na makomeo, tangi la pili, mlezi wa tatu wa usiku.

Matroni ameuliza nitarudi lini. Nimemwambia usiku, bila kupiga simu, na nitaanza na chumba cha mwisho.